Uji wa Kulwa na Doto

Mtafiti akija ofisini kwako na makabrasha yake akasema anataka video ya katuni, usikimbilie kumtafuta mchoraji. Mpe kwanza chai. Akishapiga mafunda mawili matatu, muulize: mjomba wako akikukuta sokoni akataka kujua umegundua nini miaka yote hii, utamjibuje? Akianza na "matokeo yanaashiria kwamba," mwongezee chai. Wapo niliowamalizia birika zima kabla hawajapata sentensi moja ambayo mjomba angeondoka nayo.

Ninyi vijana mlioingia kwenye kazi hii mmekuwa mkinipigia simu mmoja mmoja, na mimi simu ikiwa ndefu sikio linapata moto. Nimeona niandike, msome wote kwa pamoja. Atakayebisha abishane na karatasi.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Shani, mzaliwa wa Igogo. Babu yangu alitokea Tabora, bibi yangu Ukerewe, na baba alikuwa fundi cherehani aliyewashonea nusu ya watu wa mtaa wetu. Nilifanya kazi ya mawasiliano kwenye taasisi ya utafiti wa afya hapa Mwanza mpaka nilipostaafu, na miaka yangu ya mwisho karibu yote iliishia kwenye kuagiza katuni. Nilikaa katikati. Huku mtafiti, kule mchoraji, na mbele yetu watu wa kando ya ziwa ambao ndio waliotoa damu, choo na muda wao ili utafiti ufanyike, kwa hiyo walikuwa na haki ya kuambiwa kilichopatikana. Baba alikuwa na neno lake: nguo haishonwi kwa kumtazama aliyeleta kitambaa, inashonwa kwa kumpima atakayeivaa. Nililiiba neno hilo nikaenda nalo kazini, na mpaka leo sijalirudisha.

Tulianza vibaya, kama wote wanavyoanza. Katuni yetu ya kwanza tuliiagiza studio ya mbali, wakatuchorea Ziwa Victoria lenye minazi ufukweni. Tulipoionyesha Pasiansi, mzee mmoja alitazama kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo safari ya Tanga ilihusu nini. Nyingine ilifunguliwa kwa nembo za wafadhili, moja baada ya nyingine, zikipita taratibu kwa muziki. Watoto wakadhani hiyo ndiyo video yenyewe, wakapiga makofi, wakaondoka. Toka siku hiyo nembo zangu zote zilikaa mwishoni, na mfadhili aliyenuna nilimwambia anune.

Lakini katuni iliyonifundisha kazi haikuwa na minazi wala nembo. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

Ilikuwa ya Daktari Bwire. Huyu ni mtu wa Mara, Mjita, mtoto wa wavuvi, na kichocho alikijua kabla hajajua kusoma maana kilimlaza utotoni. Mnajua wenyewe habari za kichocho cha huku kwetu: mdudu anaingia kwenye ngozi ukiwa majini, anakaa tumboni, mtoto anaharisha damu, tumbo linajaa na mikono inakonda. Dawa ipo, inatolewa mashuleni, na inafanya kazi. Shida ni kwamba mtoto akiimeza na njaa, mara nyingi anasikia kizunguzungu na kutapika. Mwaka uliotangulia, katika kijiji kimoja cha ng'ambo, ukishuka kivuko Kamanga unachukua pikipiki, watoto walitapika uwanja mzima wa shule na wazazi wakaja mbio wakiwa wameshika vichwa. Daktari Bwire alikuwa amefuatilia jambo hilo kwenye shule kadhaa, na alichokipata kilikuwa kifupi na kitamu: mtoto akila kwanza, hasumbuki sana. Hata chai hakuhitaji. Alisema mwenyewe, amesimama mlangoni: "Mama Shani, waambie wanywe uji."

Siku ya dawa katika kijiji kile ilikuwa inakaribia. Wazazi wakikataa, watoto wangekaa na wadudu wao mwaka mwingine mzima. Ndiyo maana tulikuwa na haraka, na haraka haraka mnaujua mwisho wake.

Mchoraji wetu safari hii alikuwa Frenki, kijana wa Pasiansi, kompyuta yake iko kwenye chumba kimoja na kitanda na jiko la gesi. Alikuwa na mkono mwepesi na macho ya kuona. Dagaa wake ungeweza kuwanusa. Sasa nisikilizeni hapa, hii ni habari ya ufundi. Katuni ni kazi ya kuchosha, maana kila mtu unayemchora lazima umfundishe kutembea, kukaa, kufumba macho. Kwa hiyo mchoraji mwenye akili akishamtengeneza mtoto mmoja vizuri, wa pili anamnakili. Frenki alifanya hivyo. Mtoto wa kwanza alimvika shati la kijani, akamnakili, wa pili akamvika la njano. Nyumba alichora moja, akainakili, akabadilisha rangi ya mlango. Mama naye alikuwa mmoja, akabadilishiwa kitambaa cha kichwani.

"Mama, hapo nimeokoa siku tatu," akaniambia. "Simpo tu."

Nilipompelekea Daktari Bwire michoro, nilidhani atalalamika kwamba watoto wanafanana mno. Alifurahi mpaka akasimama. "Hivi hivi!" akasema. "Wasitofautiane kitu chochote isipokuwa uji. Mmoja amekula, mwingine hajala. Mtu akiona huyu ameanguka na yule hajaanguka, atajua sababu ni nini. Frenki huyu angekuwa mwanafunzi wangu."

Mnaona? Kwa mchoraji ilikuwa njia ya mkato, kwa mtafiti ilikuwa ulinganifu safi. Mimi niliyekaa katikati niliona watu wawili wasioelewana kamwe wameelewana, nikashukuru Mungu nikaidhinisha.

Tuliionyesha shuleni mchana, darasani, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Joto lilikuwa la tanuri. Watoto walikaa chini mbele, wazazi kwenye madawati, wazee ukutani. Video ikaanza. Ziwa lilikuwa ziwa kweli, watu wakaguna kwa kuridhika. Wakatokea wale watoto wawili wakitembea sambamba, shati la kijani na shati la njano, na darasa zima likapiga kelele kwa furaha:

"Kulwa na Doto!"

Mimi nikacheka nao. Hapa kwetu pacha wa kwanza kuzaliwa ni Kulwa na wa pili ni Doto, hata mtoto wa chekechea anajua, na ukiona watoto wawili wenye sura moja na urefu mmoja hakuna jina lingine unaloweza kuwapa. Nikaona vichwa vinageuka kutazama nyuma. Kule nyuma alikuwa amekaa mwanamke mmoja na watoto wawili wa kiume, mmoja kila upande. Nikaelewa kwamba kijiji kina Kulwa na Doto wake.

Kwenye shuka jeupe tulilolitundika mbele, mama akakoroga uji. Akampa mtoto wa shati la kijani kikombe. Kisha ikaonekana nyumba ile ile, mlango wa rangi nyingine, ambao katika mwanga ule hakuna aliyeuona, na mama yule yule anamuaga mtoto wa shati la njano aende shule. Sauti ikasema: "Huyu leo hajala."

Kelele zikakatika. Sijawahi kusikia watoto wengi namna ile wakinyamaza kwa mara moja. Mtu mmoja akasema kwa Kisukuma neno ambalo sikulipata, na mwanamke mmoja akasema kwa Kiswahili, "Mama gani huyu?" Tukaendelea, maana projekta haina masikio. Watoto wa katuni wakameza dawa. Wa kijani akakimbilia mpira. Wa njano akashika tumbo, akapepesuka, akatapika, akaketi chini. Frenki alikuwa amemchora vizuri kupita kiasi, ungemhurumia.

Yule mwanamke wa nyuma akasimama. Akawashika watoto wake mkono huyu na huyu, akatoka, na blanketi la mlangoni likaanguka nyuma yake, mwanga ukamwagika mpaka kwenye shuka na video ikafutika.

Daktari Bwire hakuwa ameona kitu. Akawauliza watu wamejifunza nini. Mzee mmoja akasimama, akakohoa. "Tumejifunza," akasema, "kwamba mwanamke yule hafai." Watu wakacheka, kicheko kisichokuwa na furaha. Kabla hatujafika kivukoni kurudi mjini, mwalimu mkuu alikuwa amepiga simu. Wazazi wanasema siku ya dawa hawaleti watoto. Ameanza Mama Kulwa, yule aliyetoka na watoto wake, na wengine wanamfuata.

Sasa hapa ndipo kazi yenu ilipo, wala haipo kwenye kompyuta. Video ikianguka, jambo la kwanza litakalokujia ni kuitetea. Utasema hawakuelewa, utasema elimu ndogo. Funga mdomo. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kesho yake nilivuka tena peke yangu, bila projekta, bila daktari, bila hata beji ya kazi shingoni.

Nilimkuta Mama Kulwa anageuza dagaa kwenye chanja. Aliniona, akaniambia karibu, akaendelea na dagaa zake. Nikavua viatu, nikaingia upande wa pili wa chanja, nikageuza na mimi. Tulifika katikati ndipo aliponisemesha.

"Mama, wewe pacha unawajua?"

"Nawasikia tu," nikasema. "Kwetu hawajazaliwa."

"Basi ngoja nikwambie. Nikinunua kandambili, nanunua jozi mbili. Nikimkata Kulwa kucha, namkata na Doto. Mmoja akikosea nikimchapa, na mwingine namchapa."

"Hata kama hajakosa?"

"Atakuwa amekosa kitu, sijakijua tu." Hapo akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Pacha hawagawanywi. Ukimpa huyu ukamnyima yule, aliyenyimwa anaugua. Sasa ninyi mmetuletea mama anampa mmoja uji, mwingine anamwacha na njaa. Aliyenyimwa akaanguka. Mnashangaa nini? Mtoto kaanguka kwa kunyimwa. Hilo linajulikana, wala halihitaji dawa."

Nilisimama na dagaa mkononi. Daktari Bwire alikuwa ameondoa kila tofauti ili ibaki sababu moja tu, na kwa kuziondoa zote akawa ameingiza sababu nyingine kubwa kuliko uji, na darasa zima limeiona isipokuwa sisi tulioitengeneza.

"Lakini dawa ya shuleni unaikatalia nini?" nikamuuliza. "Hiyo si katuni."

"Mbona mmetuonyesha mtakachofanya? Mtakuja, watoto hawa mtawapa uji, hawa mtawanyima, mtakaa pembeni na kalamu muone yupi ataanguka. Wangu hamuwapati."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Kisha akaita, na wale watoto wakaja kunisalimia. Nilipowaona mchana wa nje, bila giza la darasani, moyo uliniuma. Walikuwa na sura moja kweli, lakini Kulwa alikuwa amemzidi mwenzake urefu, kichwa cha Doto kikiishia sikioni pake. Doto alikuwa na mikono myembamba na tumbo limejaa chini ya fulana. Alinipa shikamoo akarudi kuegemea ukuta, mwenzake akarudi kwenye mchezo.

"Mwaka jana walimeza wote," akasema Mama Kulwa. "Hawakuwa wamekula, maana walikimbia asubuhi. Wote wakatapika. Doto akatapika na dawa yenyewe, vidonge niliviona. Toka hapo anaenda chooni anatoka damu. Walikuwa sawa hawa, mama. Mimi sijawagawa. Ugonjwa ndio umewagawa."

Nililia, siwafichi. Nilijifanya ni moshi, na hapakuwa na moshi. Akanipa ncha ya khanga yake nijifute, tukamaliza chanja.

Niliporudi ofisini nilimkuta Daktari Bwire amekaa na chai yake mwenyewe, nikajua anateseka. Nikamweleza yote. Nilipofika pale pa mtoto kuanguka kwa kunyimwa, akaweka kikombe chini akashika paji la uso. "Na mimi kwetu nina wajomba pacha," akasema. "Bibi alikuwa akiwagawia samaki kwa kupima na kidole. Nimekaa na ile michoro wiki nzima sikuona pacha. Niliona makundi mawili."

Nikamwambia ninavyofikiri: tuwaache wawe pacha, maana watu wameshawapa majina, lakini tusiwagawe. Mwaka jana wote wamemeza na njaa, wote wanatapika. Mwaka huu wote wamekunywa uji, wote wanacheza mpira.

Akakataa. Naye alikuwa na haki yake, msimwone mkaidi. "Huo si utafiti wangu," akasema. "Mimi sikulinganisha mwaka na mwaka. Mtu atasema mwaka huu wamekua, au wameizoea dawa. Nikianza kusogeza ukweli kidogo kwa ajili ya video, kesho nitausogeza tena. Njia ya mwongo ni fupi, Mama Shani."

"Basi tuwafanye watoto wa nyumba mbili, wasiofanana kabisa."

"Watasema yule aliyeanguka ni dhaifu tu."

Tulikuwa tumekwama. Wafanane, hawawezi kugawanywa. Wasifanane, hakuna kinachothibitika. Ningependa kuwaambia nilikuwa na jibu, lakini jibu lilitoka kwa swali la kijinga nililouliza kwa kuchoka.

"Daktari, hebu niambie. Wale watoto wako wa utafiti ambao hawakula, uji walinyimwa na nani?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Walinyimwa? Mimi sijamnyima mtoto yeyote uji! Tulifika shuleni tukawauliza nani amekula nyumbani na nani hajala, tukaangalia. Walioniambia wana njaa nusu yao niliwanunulia maandazi baadaye kwa mfuko wangu."

"Katuni imemnyima," nikasema.

Akalirudia neno hilo polepole. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa na mlango wake mwenyewe. Ile katuni aliyoiona safi, yenye ulinganifu, ndiyo iliyokuwa imesema jambo ambalo hakulifanya. Tukakubaliana hivi: hadithi iwe ya pacha kama nilivyosema, maana si uongo, mambo hayo yalimtokea Mama Kulwa mwenyewe kijijini pale. Halafu mwishoni Daktari aseme kwa sauti yake kile alichokifanya, bila kupamba: tuliwaangalia watoto wengi, waliokula na ambao hawakuwa wamekula, hatukumnyima mtoto yeyote, waliokula hawakusumbuka kama wenzao. Nimeshuhudia video nyingi zilizoitwa za kisayansi ambazo hazikuwa na sentensi tatu za kweli kama hizo.

Frenki nilidhani atanifukuza chumbani kwake, maana siku zilikuwa zimebaki chache. Akafikiri huku akikoroga chai. "Kwani si tayari mtoto anayeanguka ninaye?" akasema. "Namnakili anaanguka na wa pili. Anayecheza mpira ninaye, namnakili. Mama mmoja namfuta. Yaani mama, safari hii kunakili kote kunaruhusiwa." Kupotea njia ndiko kujua njia. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza.

Sauti ya mama nilimwomba Mama Kulwa aitie. Akasema yeye ni muuza dagaa, maigizo aniachie mimi. Basi niliitia mwenyewe, na mpaka leo kuna watoto wa ng'ambo huko wakiniona wananiita Mama Katuni.

Safari hii sikuipeleka darasani moja kwa moja, na ninyi msifanye hivyo kamwe. Mtafute mtu mmoja aliyeikataa kazi yako, umwonyeshe yeye kwanza, kwake, kwenye simu. Mama Kulwa alitazama ameishika simu karibu na pua. Watoto wake wakachungulia huku na huku. Wakacheka walipoona wote wawili wanatapika, wakapigana viwiko. Video ilipoisha akaomba airudie, na kwenye uji akaniambia niisimamishe.

"Mama huyu anatoa uji jikoni anampa mtoto hapo hapo?" akauliza. "Hajaonja kama ni wa moto?"

Nikampigia Frenki pale pale. Akamfanya mama aonje. Ni kitu cha kufumba na kufumbua, lakini nilipoionyesha shuleni siku mbili baadaye, wanawake walipomwona anaonja wakaitikia kwa kichwa, na nilijua kwamba sasa wanamwamini.

Siku ya dawa ilifika. Shule ilipika uji kwenye masufuria makubwa, na Mama Kulwa akaja na wa kwake kwenye chupa ya chai, maana wa shule hakuuonja. Watoto wote wakanywa. Kisha wakapanga mstari. Muuguzi alikuwa na ile fimbo ya kupimia, ndefu, yenye alama: dawa hii mtoto anapewa vidonge kulingana na urefu wake. Nilikuwa nimeiona fimbo ile mara nyingi mno hata sikuifikiria. Ilipofika zamu ya pacha ndipo nilipoikumbuka.

Kulwa akasimama, alama yake ikasomwa, akapewa vidonge vyake. Doto akasimama kwenye fimbo ile ile. Akaishia chini ya alama. Muuguzi akahesabu, akampa pungufu.

Mama Kulwa akaona. Wazazi wote walikuwa ukutani wakiona. Hakuna katuni iliyokuwa imelisema hili, wala hakuna katuni ambayo ingeweza kuliondoa.

"Dada," akamwambia muuguzi, "mgonjwa ndiye anapunguziwa?"

Muuguzi akaanza kueleza mambo ya uzito na kipimo. Daktari Bwire akasogea, nikamshika mkono wa shati. Sijui kwa nini nilimshika, nilihisi tu kwamba maneno yetu yamekwisha. Doto alikuwa amekaza kiganja juu ya vidonge vyake, hamezi. Kulwa naye hamezi. Wamesimama wanamtazama mama yao.

Mama Kulwa alitazama kiganja cha huyu, akatazama cha yule. Kisha akachuchumaa, akafungua chupa yake ya chai, akamimina uji kwenye kifuniko, akaonja, akampa Doto.

"Kulwa kazidi vidonge," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani. "Doto kazidi uji. Sawa sawa. Mezeni."

Wakameza kwa pamoja. Ukutani mtu akapiga kigelegele, watu wakacheka, na mstari ukaanza kusogea. Frenki nilipomsimulia aliniuliza kama tuongeze kile kifuniko cha uji kwenye video. Nikamwambia hapana, hicho ni cha mwenyewe.

Juzi juzi nilikuwa nimetoka msibani ng'ambo, nimekaa pale Kamanga nasubiri kivuko. Vijana wawili warefu wakanisogelea.

"Shikamoo, Mama Katuni."

"Marahaba. Ninyi wa nani?"

"Wa Mama Kulwa."

Nikawatazama. Mabega yale yale, shingo ile ile, mashati ya kitambaa kimoja. Nikainuka, nikawaambia wasimame mgongo kwa mgongo, na watu wa kivukoni wakaanza kucheka kumwona bibi mzima anapima watu. Nikanyoosha mkono, nikaweka kiganja juu ya vichwa vyao. Kililala sawasawa.

"Doto ni yupi?" nikauliza.

"Kisia, mama."

Nikakisia. Wakacheka, wakakataa kuniambia kama nimepatia.